Picha ya Mashine Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Jumatatu, tarehe 3

Faili imekatika tena. Mara ya nne leo. Inafika nusu, mtandao unazimika, naanza sifuri. Nimeitukana kompyuta kwa Kifaransa, kisha kwa Kinande, lugha ya kwetu. Haikujali.

Ninachotaka ni kitu kimoja: picha ya mashine. Faili moja, mfumo mzima umekwisha kupangwa ndani. Unaipakia kwenye wingu letu na kuiwasha. Wingu! Seva tatu na kiyoyozi kinachokohoa, chumba cha nyuma cha dipo la malori la Papa Kambale, bosi wetu, hapa kusini, katikati ya mji. Picha zetu zote zilikuwa kwenye seva ya ofisi yetu ya kaskazini. Ofisi imeporwa. Kilichookolewa ni diski moja, yenye rejista ya watu waliokimbia vita kwa malori yetu. Nani alipanda, nani alishuka wapi. Rejista ninayo, mashine ya kuifungua sina. Na kuijenga upya kunataka mtandao huuhuu.

Jumanne, tarehe 4

Watu getini tangu asubuhi. Kila mmoja na jina la mtu wake mdomoni. Mimi pia nina langu: Masika, dada yangu mkubwa. Wiki sita bila simu. Mara ya mwisho alikuwa kaskazini anafunga mizigo akimbie, binti yake Grâce pembeni, naye Masika mwenyewe na mimba ya miezi minane. Naogopa. Nimeandika, basi.

Papa Kambale ametoa wazo. Jospin, wakala wetu upande wa Zambia, ana mtandao mzuri. Atapakua faili, ataiweka kwenye flashi, dereva ataileta. Halafu atanisomea kwa simu namba ya uhakiki iliyo kwenye tovuti ya waliotengeneza faili. Herufi na tarakimu sitini na nne. Faili ikiguswa hata kidogo, namba inabadilika.

Nimekula vizuri leo. Mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Alhamisi, tarehe 6

Flashi imefika ndani ya soksi ya dereva. Nimeipokea kwa vidole viwili.

Namba hailingani.

Nimekokotoa tena namba ya faili iliyofika. Hailingani. Jospin amenisomea upya, herufi kwa herufi. Yake ni ileile. Yangu ndiyo tofauti. Mtu ameigusa njiani. Nani? Rejista ina majina na mahali watu walipojificha. Siwezi kuiweka ndani ya mashine nisiyoijua.

Papa Kambale amewaka, watu wamejaa mlangoni. "Kavira, bantu beko kwa mulango! Iko inawaka ao haiwake?"

Itawaka, Papa. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeiwasha pale pale, ningekuwa nimemtafuta Masika kabla ya chakula cha mchana. Nimeichomoa flashi, nikaenda chooni kulia. Nina hasira na kila mtu, mpaka na soksi.

Ijumaa, tarehe 7

Nilikuwa kwenye duka letu mbele ya dipo, nakula mkate. Mteja ananunua balbu. Muuzaji anaichomeka, inawaka, anaizima, anampa. Ndivyo Papa Kambale alivyotufundisha wote. Kufuli tunaifungua, redio tunaiwasha, ndipo mteja anaondoka nayo. Nikaacha kutafuna. Jospin alianzia kazi kwenye kaunta hiyohiyo.

Nikampigia kumuuliza kama aliiwasha. Huniita yaya, yaani dada mkubwa. Akajibu: "Ee, yaya, nilitesta. Mara moja tu, nione kama inatembea. Papa alitufundisha, kintu haitoke bila kutesta."

Mashine ikiwashwa inaandika mambo yake ndani ya faili. Hata mara moja inatosha kubadilisha namba. Hakuna mwizi, hakuna adui. Ni Jospin na malezi mema! Nimecheka mpaka machozi, nikamfokea, halafu nikamwomba apakue nyingine na asiiguse kabisa.

Papa Kambale aliposikia alimpigia dereva simu. Akaagiza lori litakaloleta flashi lisisubiri kujaa. Nyumbani kwake, mtaa wa Golf, amelaza familia tatu zilizokimbia vita, nazo zinatafuta watu wao.

Jumapili, tarehe 9

Nimekosa misa. Mungu anajua nilikuwa wapi.

Flashi ya pili, safari hii ndani ya bahasha. Jospin kwenye simu: A ya Antoine, tisa, F ya Félix, mbili. Papa Kambale nyuma yangu, kidole kwenye karatasi. Sitini na nne zote zimelingana. Papa akapiga makofi peke yake.

Nimeipakia. Mashine imewaka, rejista imefunguka. Tukafungua geti.

Nimetafuta kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, alasiri yote. Wengi wamepata. Wengine hawakupata, na bado walinishukuru, jambo lililonishinda kabisa. Mimi nilijiweka mwisho. Watu wanadhani ni wema. Ni woga. Giza likaingia kabla zamu yangu haijafika, nikafurahi.

Jumatatu, tarehe 10

Mvua. Dipo kimya. Kiyoyozi kinakohoa.

Nimeandika jina polepole, kama Jospin anavyosoma. Akina Masika kumi na tisa. Kwetu kila binti wa kwanza ni Masika. Nikashuka mstari kwa mstari. Wa kumi na nne.

Masika. Ameshuka mjini Kalemie, kwa masista. Watoto wawili: Grâce, na mchanga, hana jina bado.

Nimeanza kutafuta namba ya simu ya masista.