Chungu cha Yazhini Kijazwe Nusu

Kayal, mchele nimeshauosha, uupike kabla ya saa sita. Maziwa ya sherehe ya kesho yachemshwe leo. Chungu cha maziwa hayo atakachobeba Yazhini kichwani kijazwe ~~mpaka juu, kama tulivyojaziwa sisi~~ nusu tu.

Yazhini, kesho unatimiza siku arobaini tangu upasuaji, na asubuhi nimekukuta umelala chali mkekani, unapumua tu. Nikakuita mvivu. Nikakwambia kaza huko chini, sisi wa zamani tulikaza. Ukanijibu mbele ya mwenzako Kayal: "Amma, dada wa mazoezi kule kliniki kasema kwanza nijifunze kulegeza. Na wewe uliyekaza, mbona ukicheka unakimbilia chooni?"

Nimeumia, ndiyo maana kikombe cha bati cha kahawa kiliruka. Kimebonyea kidogo, kinywewe hivyo hivyo.

Miaka ishirini na sita, kila harusi nakaa karibu na mlango. Mnadhani ni heshima ya mama wa nyumba, kumbe nawahi choo. Wewe ulipasuliwa na daktari; mimi, kwa jambo hilo hilo, nilikatwa na bibi mmoja mwenye kisu. Aliniambia mwanamke aliyezaliwa akiitwa mvulana lazima alipie hivyo, nami nikaamini. Nimechoka kuamini.

Basi nimechukua kadi yako ya kliniki, nijue chumba ni kipi. Jirani akiuliza, nimeenda sokoni.

Mazoezi usiache. Na mkeka wangu utandike kando ya wako, nikirudi utanionyesha.

Mama yenu, Amma