Aproni ya Tatu

Mpwa wangu Zainabu,

Huku Garsen tu wazima. Mto umerudi kwao, na goti la nyanya yako limepoa. Jana alimkimbiza mbuzi mpaka Tarasaa, nami nilishuhudia.

Umeniuliza kama uongeze mafundi wawili kwenye duka lako la kushona, maana kaunti yenu inamsamehe ada ya leseni anayeajiri. Hapo umeuliza bingwa! Kaunti yetu ilipotangaza hivyo, mikate yangu ilikuwa ikinukia mpaka Bura, lakini mwokaji ni mimi peke yangu. Basi siku afisa wa kaunti alipokuja kukagua nikawavisha majirani watatu aproni, waonekane wafanyakazi. Akaandika majina yao, akala mkate, akaenda. Wawili wakavua, wakadai soda. Bi Dhahabu wa Kulesa, ambaye mafuriko yalimchukulia shamba, akaondoka na yake mwilini.

Asubuhi nikamkuta mlangoni, aproni imefuliwa na kupigwa pasi.

"Nimechelewa, bosi?"

"Umechelewa wapi?"

"Kazini. Si niliandikwa jana?"

Mimi niliyemng'oa mamba jino kwa mwiko, nilimpisha mlangoni. Nikampa unga akande.

Mpaka leo yupo, na ile mikate ninayojisifia huioka yeye. Usimwambie mtu. Ila kabla hujaandika jina la mtu kwenye fomu ya kaunti, mwanangu, mwekee kwanza cherehani yake, maana asubuhi atakuja.

Bi Dhahabu anakusalimu. Aproni bado ni ile ile.

Mjomba wako