Kikombe Alichokiacha Bi. Rukia

Jumamosi, 8 Februari
Kusafisha vibuyu na Koko, bibi yangu, tangu asubuhi, kama kila Jumamosi. Kijinga cha moto cha mzeituni mwitu ndani ya kibuyu, tikisa, futa, tikisa tena. Moshi machoni. Chachu ya mtindi wa kiwanda chetu inaanzia humu, kwenye vibuyu vyake. Ndiyo sababu una ladha ya moshi.

Wakati wa chai Baba amesema anauza kiwanda. Tangu kiharusi, mkono wake wa kushoto haushiki hata kijiko. Mama hayupo tena. Mimi niko kidato cha tatu na namwogopa hata karani wa maktaba. Hakuna wa kumrithi. Hakusema hivyo. Aliniangalia tu.

Sharti lake moja: mnunuzi asikifunge, asikihamishe kutoka hapa Olmotonyi. Akina mama wa huku juu hawana pengine pa karibu pa kupeleka maziwa.

Jumanne, 11 Februari
Kumbe kampuni haiuzwi kama ng'ombe mnadani. Kuna watu ambao kazi yao ni kukutafutia mnunuzi na kukusemea mezani. Wanajiita benki ya uwekezaji. Baba hataki zile kubwa za Dar, anasema tutakuwa faili la chini kabisa kwenye rundo. Anataka ndogo, ambayo mwenye nayo anakuja mwenyewe.

Koko akauliza, "Benki isiyo na pesa ndani? Hiyo si nyumba tu?"

Nilicheka hadi nikapaliwa. Baba hakucheka.

Katika orodha ya Baba wamebaki washauri wawili. Nimesoma habari hizi maktaba mpaka wakafunga. Nina maswali mengi. Sitayauliza, najijua.

Jumamosi, 15 Februari
Wa kwanza alikuja. Bi. Rukia, ofisi yake iko Themi, mjini. Mama mfupi, viatu vyake vimejaa matope, hakuvijali. Alimuuliza Baba: akitokea mwenye bei kubwa atakayekifunga, na mwenye bei ndogo atakayekiacha, atamchukua yupi?

"Wa bei ndogo."

"Basi mzee, sharti liandikwe kabla hatujamwonyesha mtu yeyote chochote. Likibaki mdomoni litafia mezani." Akaongeza kwamba huenda wanunuzi wote wakakimbia. Huenda tusipate mtu kabisa. Alisema hivyo hivyo, bila kuremba.

Nilimletea mtindi kwenye kikombe cha wageni. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Mimi na maziwa hatuelewani tumboni." Kikombe kikabaki kimejaa.

Uso wa Baba ulikunjamana. Kwetu maziwa ndiyo salamu. Asiyeyagusa ana neno moyoni. Jikoni Koko alikuwa ananung'unika: "Amekataa maziwa. Sasa amekuja kuchukua nini?"

Jumapili, 16 Februari
Wa pili, Bwana Lazaro, baada ya ibada. Aliinamisha kichwa Koko amguse, kama mtoto wa nyumbani. Aliamkia kwa Kimaa, lugha yetu. Alikunywa kikombe chote. Akaomba cha pili. Cha tatu. Akafuta masharubu kwa kiganja.

"Mzee, moshi huu ndio mnaouza. Mwehu gani atakifunga kiwanda?"

Kuandika sharti? Hapana haja, akasema. Ukiwawekea watu masharti mapema wanakimbia. Aachiwe yeye. Sisi ni wa nyumba moja.

Baba alicheka. Mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mimi pia nilimpenda. Naandika ili kesho nisijidanganye.

Jumatano, 19 Februari
Nimesema. Baba alikuwa peke yake barazani. Nikamwambia Bi. Rukia ndiye pekee aliyetaka sharti liandikwe. Kwamba kikombe si kipimo.

"Nase," akasema, "vitabu havikufundishi kumjua mtu."

Kwa upole. Afadhali angefoka. Akampigia Bwana Lazaro mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Jumamosi, 5 Aprili
Mvua. Mlima Meru hauonekani siku ya nne. Bwana Lazaro ameleta mnunuzi mmoja tu. Kijana wa miwani, anaogopa tope. Aliuliza kuhusu magari, kuhusu njia za kukusanya maziwa, kuhusu jina letu kwenye pakiti. Chumba cha vibuyu alikipita bila kuchungulia. Koko alikuwa amevaa shanga zake kwa ajili ya mgeni huyo.

"Na lile sharti?" Baba akauliza.

"Tutalifikia, mzee wangu."

Jumanne, 6 Mei
Wanunuzi hawatalikubali sharti letu. Kwenye mkataba wameandika tu "watajitahidi." Nimemsomea Baba neno hilo mara mbili. Alitaka kwenda kwa mshauri mwingine, haiwezekani. Alishakubali kwamba kwa mwaka mzima Bwana Lazaro peke yake ndiye atakayetuuzia. Na wafanyakazi wameshaambiwa, wengine wameshapata kazi mjini. Mkono umemzidi, hawezi kukiendesha kiwanda mwaka mwingine. Nachukia kila kitu. Kesho jaribio la baiolojia. Sijasoma.

Ijumaa, 16 Mei
Wamesaini. Hotelini, mjini. Nilikwenda na sare ya shule, maana Baba anahitaji mtu wa kumshikia karatasi isiteleze. Niliishika mimi.

Baadaye mhudumu akaja na chai. Bwana Lazaro akainua kidole: "Mimi ya rangi, dada. Maziwa yananikimbiza chooni tangu utoto."

Watu wa mnunuzi walicheka. Yeye pia. Nadhani alisahau kwamba tupo.

Baba hakumwangalia. Aliniangalia mimi. Kalamu bado ilikuwa mkononi mwake.



Jumamosi, 14 Juni
Kiwanda kimefungwa wiki hii. Lori la tangi linapita barabara kuu tu. Akina mama wa juu hawafiki, ni mbali, maziwa yanaganda njiani. Mtindi wa pakiti bado una jina letu. Nimeonja dukani. Hauna moshi.

Leo vibuyu, kama kawaida. Viwili tu, vya kwetu. Koko kichwa kilimuuma, nikasafisha peke yangu. Baba akatoka, akakaa kwenye kigoda pembeni yangu.

"Yule mama wa Themi. Aliitwa nani?"

"Rukia, Baba."

Akatikisa kichwa. Kisha akachukua kibuyu kwa mkono mzima, akakibana katikati ya magoti kisiteleze, nami nikaingiza kijinga.