Kitambaa Chekundu cha Kwenye Waya

Jumatatu, 22 Agosti

Korbinian amepita tena. Mara ya nne kiangazi hiki. Matope hadi masikioni, baiskeli begani – mnyororo ulimkatikia juu mlimani, akatembea saa nzima. Anaandika kitabu cha njia za changarawe za bonde letu, na hii inayopita mlangoni kwangu anaiita malkia. Nikamwambia malkia yuko zizini, anaitwa Gamsl, na ana pembe. Akacheka mpaka akapaliwa na jibini.

"Bosi wa ng'ombe," akasema, "siku ya kuwashusha bondeni, kiangazi kikiisha, nitakuwepo. Nitafuata nyuma kabisa na baiskeli yangu."

"Fuata. Utarudi kwa mama yako Munich umepakwa mavi hadi kwenye nyusi."

"Ndiyo heshima yenyewe hiyo!"

Mimi sikuwataka hawa watu wa baiskeli. Kaka Alois aliposaini na ofisi ya utalii wapite kwenye malisho yetu, nilimnunia wiki nzima. Sharti letu ni moja tu: asubuhi ninapovusha ng'ombe barabara, nafunga waya wa umeme wa kuzuia ng'ombe kukatiza njia, na katikati ya waya pawe na kitambaa chekundu. Korbinian ndiye aliyekileta hicho kitambaa. Kipande cha pazia la jikoni kwa mama yake, chekundu chenye madoa meupe. Hata kipofu atakiona, alisema.

Mchana mzuri. Mkate umeisha.

Alhamisi, 25 Agosti

Mvua. Nimeanza mashada ya ng'ombe. Matawi ya msonobari, maua ya karatasi, utepe mwekundu kila kichwa. Vichwa ishirini na tatu. Vidole vinauma.

Mwaka huu hakuna aliyevunjika mguu, hakuna radi, hakuna ndama aliyetumbukia korongoni. Tutashuka na maua! Kiangazi kikiwa na msiba, ng'ombe hushuka vichwa vitupu, na bonde zima huelewa bila kuambiwa. Nimewahi kuwashusha hivyo mara moja, mwaka aliokufa mume wangu. Watu walisimama kando ya barabara, bendi haikupiga. Sitaki kuuona tena mwaka kama ule.

Jumanne, 30 Agosti

Mashada ishirini na mawili tayari. La Gamsl bado, na utepe umeisha! La kiongozi wa kundi, kubwa kuliko yote, lenye kioo katikati. Alois yuko bondeni na hapokei simu. Nimepekua kabati, nimepekua sanduku la marehemu – hakuna kitu chekundu ndani ya nyumba hii isipokuwa pua yangu.

Basi nikakifungua kile cha kwenye waya. Nimekikata, nimekikunja maua matatu, nimekishona. Kimependeza sana. Kwenye waya nitafunga kitu kingine kesho.

Jumatano, 31 Agosti

Sikufunga kitu.

Helikopta imeondoka naye saa mbili na nusu asubuhi.

Ijumaa, 2 Septemba

Korbinian amefariki jana mchana, hospitali. Alois amepanda kuniambia. Alivua kofia kabla hajafungua mdomo, nikajua.

Niandike ilivyokuwa, niandike mara moja. Saa moja na nusu. Jua lilikuwa usoni. Nimefunga waya kwenye kona ya tatu, nimefungua zizi, Gamsl ametangulia, ng'ombe wanavuka. Nikasikia changarawe. Sauti ile ya magurudumu yanayoshuka kwa raha, bila breki. Nikanyanyua mkono. Nikapiga kelele – jina lake! Nilimjua hata kabla sijamwona. Waya ni mwembamba kama uzi. Ulimkamata shingoni. Akaanguka kwenye mawe ya chini na baiskeli ikaendelea peke yake mpaka kwenye majani.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Ng'ombe wakasimama wote wakitutazama.

Polisi aliuliza kuhusu kitambaa. Kabla sijameza mate Alois akajibu: kilikuwepo, dada yangu hufunga kila siku, upepo wa usiku ule ulikuwa mkali. Polisi akaandika. Akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jumapili, 4 Septemba

Sikwenda kanisani. Alois akanifuata huku. Nikamwonyesha shada la Gamsl. Akayageuza yale maua matatu kwa kidole gumba.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna. Burgl, nisikilize. Ukifungua mdomo, bima haitulipii hata senti. Shamba linakwenda. Baba alifia kwenye shamba hili. Na yule kijana hafufuki."

"Alikuwa anakula mezani kwangu, Alois."

"Hata kwangu alikula. Alikuwa mtu mzuri. Lakini alikuja kasi mno. Hilo si uongo."

Nikamuuliza, na siku ya kuwashusha? Akasema tunashuka na maua kama kawaida. Ng'ombe wote wazima, na marehemu si mtu wa kwetu. Tukishuka vichwa vitupu, watu watauliza kwa nini tunabeba msiba wa mgeni.

Ana haki ya kuogopa. Ana wajukuu. Mimi nina ng'ombe ishirini na tatu ambao hata si wangu.

Jumatano, 7 Septemba

Sasa nimefunga shuka zima kwenye waya. Waendesha baiskeli wawili wamesimama mbali, wameshuka, wamesukuma taratibu. Wakanisalimia. Nimeingia zizini nikalia kama mtoto, kichwa kwenye ubavu wa Gamsl.

Jumamosi, 10 Septemba

Mama yake amekuja. Anaitwa Gundula. Mfupi, nywele nyeupe, viatu vya mjini. Amepanda kwa miguu kutoka kijijini ili aione njia yote. Nilimpa maziwa, hakunywa. Alikuwa na karatasi za mwanawe – kitabu chenyewe, hakijachapwa bado. Akaomba anisomee sehemu yangu. Nikamwambia asome.

Ninaikumbuka yote. Nainakili hapa, kaniita kwa jina langu kamili:

"Kona ya tatu, tazama kwenye waya. Ukiona kitambaa chekundu, shuka, subiri ng'ombe wapite, msalimie Notburga. Anajifanya mkali, omba jibini. Usipoona kitambaa, njia ni nyeupe. Achia breki. Huu ndio mteremko mtamu kuliko yote niliyopita maishani."

Alisoma hadi mwisho. Kisha akakunja karatasi.

"Dada, mwanangu alikuwa mtu wa makini," akasema. "Tangu mdogo. Huyo ndiye aliyekuwa akirudi kuhakikisha mlango umefungwa. Nashindwa kuelewa. Naambiwa alikuwa na kasi ya kijinga, kwamba hakutazama. Usiku namgombeza. Fikiria – namgombeza maiti!"

Nilisema: hakuwa mjinga.

"Wewe una huruma," akanijibu. Akanishika mkono, mkono uleule uliomshika mwanawe. Halafu akauliza kama kitambaa kilipatikana. Kilikuwa cha pazia lake. Nikikiokota popote nimtunzie, hana haja ya kitu kingine.

Shada lilikuwa mvunguni mwa kitanda, hatua tatu kutoka alipokaa. Nilinyamaza. Ee Mungu, nilinyamaza!

Wakati wa kuaga akasema atarudi siku ya kuwashusha ng'ombe. Mwanawe aliahidi kufuata nyuma. Atafuata yeye.

Jumatano, 14 Septemba

Alois anasema tumkatalie yule mama kwa adabu. Nimemwambia amkatalie mwenyewe. Hajafanya hivyo. Yeye naye si jiwe.

Ijumaa, 16 Septemba

Alois amepanda na trekta kuchukua mashada ayapeleke chini mpaka kwenye birika la mawe la kunyweshea ng'ombe, mlimani juu kidogo ya kanisa, ndipo tunapowavika. La Gamsl akaniambia niyang'oe yale maua, niyatupe jikoni motoni, nishone mengine. Ameniletea utepe mpya, mita mbili.

Nimefungua mlango wa jiko. Nimekaa mbele yake na mkasi hadi moto ukapungua. Nimeufunga.

Shada nitalibeba mwenyewe.

Jumamosi, 17 Septemba

Kwenye birika. Saa nne kasoro. Ng'ombe wanakunywa. Naandika kwa penseli, daftari gotini, vidole baridi.

Tumeshuka vizuri. Kona ya tatu Gamsl alisimama mwenyewe, sikumgusa, akaendelea.

Trela la Alois lipo hapa, mashada ishirini na mawili chini ya turubai. Nimefunua nikayatazama. Mazuri kweli. Nimeyafunika tena. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyevikwa. Kutoka hapa bendi inasikika ikijaribu ngoma, na watu wameshaanza kujipanga barabarani. Wakiviona vichwa hivi vitupu, wataelewa kuwa tumefiwa. Kisha watauliza kwa nini sisi.

Nimekata nyuzi za shada la Gamsl moja baada ya nyingine. Maua matatu yamekunjuka. Kitambaa kina mikunjo na matundu ya sindano, lakini madoa meupe yote yapo. Anayelijua pazia lake hatauliza mara mbili.

Wanapanda sasa. Alois mbele, kofia yenye manyoya, anakaza mwendo – ameona. Anapaza sauti, mashada yako wapi, Burgl, unafanya nini! Nyuma yake yule mama, anasukuma baiskeli ya mwanawe. Amevaa viatu vya milimani safari hii. Ananipungia mkono.

Nimesimama ili anione vizuri, daftari kwenye ukingo wa birika. Kitambaa nimekishika juu, kama kilivyotakiwa kuwa kwenye waya.