Baba Dida, Katikati Hapakuwa Pako

Baba Dida,

Salaam aleikum. Nakusalimia kwa sababu dini inataka, usidhani nimekukosa sana. Naandika mwenyewe, kwa mkono wa ile gumbaru, masomo ya watu wazima, uliyoicheka ukasema nikijua kusoma nitasomea mbuzi.

Tangu tukuzike, mdogo wako Jarso anakuja hapa Chechelesi kila asubuhi kukalia kigoda chako. Buna, kahawa yetu ya punje, ikiiva kwa samli anachota yeye kwanza, kama wewe tu, kisha anatangaza kwamba ng'ombe wetu wa Burat watahamia kwake. Na mwanao Dida? "Sawa, baba mdogo." Basi.

Juzi mjukuu wetu Talaso, binti ya Halima mwanetu, huyo anasoma kemia chuoni, alikuwa anapanga buna mbichi kwa mkeka. Nikamgombeza: "Unachezea kinywaji changu?"

"Akko, bibi yangu, hizi ni atomu. Natafuta nani akae katikati."

Akanieleza. Wa katikati ni yule asiyenyakua sana elektroni, maana lazima agawane na wote wanaomzunguka. Mwenye pupa anakaa pembeni. Hewa tunayotoa puani, kaboni iko katikati, oksijeni moja huku, nyingine huku.

Nikasema basi hidrojeni ikae katikati, si ni mpole? Nikaisukuma na kidole. Alicheka mpaka ushungi ukaanguka. "Akko, hiyo ina mkono mmoja tu! Ikishika mwenzake mmoja imemaliza. Haikai katikati hata siku moja."

Kisha akapanga maji. Oksijeni, ile ya pupa, akaiweka katikati ya hidrojeni mbili! Nikamuuliza kama ananifanya mjinga.

"Hapa hakuna mwingine, akko. Hao wengine wana mkono mmoja mmoja."

Baba Dida, nilikuona pale kwa mkeka. Miaka yote nilidhani ulikaa katikati kwa sababu unafaa. Kumbe ni sisi. Kila mmoja alikushika wewe peke yako, hakuna aliyemshika mwenzake. Mwenye mikono minne, kama kaboni, alikuwa Halima, na wewe ulimfukuza kwa sababu ameolewa na mtu wa Ngaremara, si wa kabila letu. Nani alikuosha hospitalini? Nani alimtuliza Dida, akampigia Jarso simu aje akuage? Huyo huyo. Wewe ukageuza uso ukutani. Aibu yako.

Leo nimemkalisha Halima kwa kigoda. Jarso alipofika, buna ilikuwa inagawanywa: watoto, mimi, Dida, halafu yeye. Halima akachukua ya mwisho.

"Hii ni mila gani, shemeji?"

"Kaa pembeni, utapewa," nikamwambia. Akakaa! Na Dida, huyo Dida wako, akafungua mdomo: "Ng'ombe wanabaki Burat, baba mdogo."

Sasa lala. Nakuahidi kile kigoda hakirudi kwa mtu wa pupa nikiwa na pumzi. Ijumaa nitakuja kukuombea dua, na Halima nitakuja naye. Yeye anasema alishakusamehe.

Mimi bado.

Mama Dida