Pengine ya Daktari

Kwako Murhula, mwanangu uliye upande wa pili wa barabara iliyofungwa,

Najua hutaisoma barua hii. Una miaka minane, na herufi kwako ni vitu vya kupanga mstari sakafuni, si vya kusoma. Ndiyo maana naiandika wazi. Yeyote atakayefanikiwa kuvuka kwenda Luhwindja akusomee, hata ukiziba masikio. Ukiyaziba, basi imekufikia.

Masikio yako nayakumbuka kuliko kitu kingine. Kabla hujatimiza miaka miwili yalikuwa yakitoa usaha, yanakauka, yanaanza tena. Wakati ule ulikuwa na maneno. Ulisema "mai" ukiona bomba, ulisema "tata" baba yako akisukuma mlango, na paka wa jirani ulimpa jina lililoeleweka kwenu wawili tu, wewe na paka. Kisha ikaja homa kubwa. Shingo ikavimba, macho yakawa mekundu, ukawaka hata kitambaa nilichokuwekea kipajini kilikauka kabla sijaloweka kingine. Mvua ilikuwa imeharibu njia na hakuna pikipiki iliyokubali kupanda Kadutu mpaka kwetu. Baba yako akakufunga mgongoni kwa kitenge changu, mwanamume mzima, akateremka nawe kwenye tope hadi hospitali. Watu walimcheka njiani, naye hakugeuka kuwatazama. Nataka ulijue hilo kuhusu baba yako, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Walisema umepona. Ulirudi nyumbani umekonda, joto limeisha, na maneno hayakurudi. Nilikuwa nafungua bomba makusudi, nasimama pale nakutazama. Uliangalia maji yakimwagika, ukafurahi, ukanyamaza. Majirani walisema watoto wa kiume huchelewa, nami nikawaamini wote, mmoja baada ya mwingine. Mfa maji haishi kutapatapa.

Lakini haikuwa huzuni tupu, na sitaki mtu yeyote adhani ilikuwa hivyo. Nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu kwa sauti, ulikuwa unakuja kuegemeza sikio lako kwenye koo langu, unafumba macho, unabaki hapo mpaka ninyamaze. Ukinipiga kidogo begani, nilijua unataka niendelee. Kule Nyantende, kwa mama yangu, ulikaa asubuhi nzima ukipanga maharage kwa rangi, mekundu peke yake, ya madoadoa peke yake. Chungu kilikuwa kinachemka maji matupu. Nilipotaka kuyakusanya, bibi yako alinizuia mkono. "Wacha," akasema. "Tutakula mutoto akimaliza kazi yake." Tulikula jua likielekea magharibi, na hakuna aliyelalamika.

Jina la hali yako alitupa daktari wa watoto, mama mmoja mpole aliyekuacha uzungushe kiti chake muda wote tuliokuwa tukizungumza. Alisema autisme. Vitabu vya Kiswahili vinaita usonji. Baba yako hakutaka jina, alitaka chanzo.

"Docteur, ni ile homa ao hapana?"

Daktari alieleza polepole. Mwili ukipigana na ugonjwa huwaka, na moto huo unaweza kufika kwenye ubongo wakati bado unajengwa. Wapo watafiti wanaoona uhusiano kati ya magonjwa ya namna hiyo utotoni na usonji. Wapo wengine wanaosema mtoto alikuwa hivyo tangu tumboni, na homa ilikuja tu wakati dalili zilikuwa zinaanza kuonekana. Halafu akanigeukia mimi.

"Maman Murhula, nikisema ndiyo, nitakudanganya. Nikisema hapana, ni vilevile. Jibu tuko nayo njo hii: pengine."

Mimi nafundisha biolojia, na nilimheshimu kwa jibu hilo. Ni jibu la mtu mkweli. Baba yako alitoka humo kama mtu aliyenyimwa haki yake. "Nimekuja kutafuta jibu," akaniambia kwenye korido, "wananipa pengine."

Nilirudi darasani na somo langu. Nikachora chembe nyeupe za damu ubaoni, nikawaambia wanafunzi kwamba hizo ni askari wa mwili. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Madame, na bale maaskari, vita ikiisha, banarudiaka kwabo?"

Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka, maana kila mmoja alikuwa na askari wake wa kumkumbuka. Nikamjibu kwamba kwa kawaida wanarudi, lakini mara nyingine wanabaki, na wakibaki wanaharibu nyumba waliyokuja kuilinda. Nilikuwa nakufikiria wewe, kitandani, unawaka.

Murhula, sikutaka chanzo ili nikubadilishe. Nilitaka chanzo ili watu wa maombi wakuache. Ugonjwa hauhitaji kuungama, hauhitaji kufukuzwa usiku kucha kwa kelele. Laiti ningekuwa na karatasi yenye muhuri inayosema ni homa, ni homa tu, ningeibandika mlangoni. Nilikuwa na pengine. Na shangazi yako, dada ya baba yako, alikuja nyumbani kutoka kwao Luhwindja, akakaa kwenye kiti changu, akalibomoa neno hilo kwa pumzi moja.

"Pasteur wa kanisa yetu ameona. Kinywa ya mutoto ilifungwa. Ile iliingia na homa ni pepo, na iko mule mpaka leo. Muke wa kaka, Mungu hasemaka pengine."

Nilimtazama baba yako. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, na usoni mwake niliona ahueni. Hapo nilijua nimeshindwa. Uongo ulikuja na uhakika, na ukweli wetu haukuwa nao.

Ofisi ya baba yako ilipofungwa, naye akakosa kazi mjini, alienda kwao Luhwindja kuchimba dhahabu na ndugu yake. Likizo ilipokaribia alirudi kukuchukua. Mimi nilikuwa shuleni nasimamia mitihani. Nilikuta viatu vyako havipo na maharage yako yamepangwa nusu. Alisema kwenye simu ni likizo tu, utapumua hewa ya mlimani. Kabla likizo haijaisha mapigano yalisogea na njia ikafungwa. Nimefika Nyangezi, kwenye kizuizi cha askari, nikarudishwa. Nimerudi tena, nikarudishwa tena, na safari hiyo walinionya nisionekane mara nyingine.

Nimejua kutoka kwa wanawake waliovuka kuja huku kwamba uko kwenye chumba cha maombi cha pasteur yule wa shangazi yako, pamoja na watoto wengine. Wanawafungisha kula na kunywa. Wewe unakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, zisizo na vichwa na bugali ambao haujaguswa na mchuzi. Nani kule anajua? Watakuwekea sahani moja iliyochanganyika, utaisukuma, nao watasema pepo amekataa chakula. Na masikio yako, yale yale, wanayawekea mikono na kuyapigia kelele. Naandika haya kwa hasira. Sina mtu wa kumpigia kelele mimi.

Jana mtandao ulirudi. Shangazi yako alipokea simu, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Maman Murhula, shukuru Mungu. Mutoto haiko analia tena. Ametulia kabisa, analala tu. Pasteur anasema pepo imetoka, njo kufunguka kwake."

Nikaomba akupe simu karibu. Nikakuita. Nikaanza kusoma kwa sauti chochote kilichokuwa mezani, kazi ya mwanafunzi kuhusu majani ya mimea, nikasoma, nikasoma. Nilisikia pumzi yako, nyepesi. Kisha mtandao ukakatika.

Wote kule wanafurahi. Mimi peke yangu najua kwamba tangu homa ile hujawahi kuwa na neno la njaa, wala la kiu, wala la maumivu, ila kilio. Ulilia kwa njaa, nikakupa chakula. Ulilia kwa maumivu, nikakushika. Sasa hata kilio hicho wamekunyang'anya, na kimya chako wanakiita muujiza.

Kesho nitaenda tena, kwa miguu, kwa njia za mashambani wanakopita wauza mihogo. Sijui kama nitafika. Sijui kama nitakukuta. Kama kuna mtu anasoma barua hii karibu na chumba hicho, amnyweshe mwanangu maji kwanza, maswali baadaye.

Nawe mwanangu, usipone hivyo. Lia. Usiwape nafasi ya kushukuru.

Mama yako