Riba Uliyoikataa na Riba Uliyoilipa

Baba Salma,

Salamu nakutolea kwanza, maana maiti ana haki ya salamu hata kama aliye hai amemkasirikia. Na mimi nimekukasirikia. Eda yangu imekwisha Jumatatu. Nimeoga, nimetia wanja kidogo, nimevaa lile koti lako la kijivu kwa kuwa langu limechanika bitana, na mahali pa kwanza nilipokwenda si kaburini kwako. Nimekwenda Stratford Road, kwenye ile sosaiti iliyotukopesha pesa za nyumba. Kaburini nitakuja Ijumaa, usiwe na haraka, huna pa kwenda.

Meneja ni yule yule mwenye masharubu ya njano. Amenikumbuka. Amekukumbuka na wewe, kwa sababu ulimfanya akune kichwa. Siku ile tulipokwenda wote wawili alikuona umekopa kwake kwa riba, na hapo hapo una akiba benki, kwenye akaunti isiyozaa hata senti. Akakwambia, kwa upole wao ule wa kuzungumza na mgeni, kwamba mtu mwenye deni na akiba afadhali achukue akiba alipunguze deni, riba nayo itapungua. Ukamjibu kwamba pesa zako hazili riba. Akasema, ndiyo, lakini deni lako linakula wewe. Nilikuwa nimekaa pembeni na mkoba wangu magotini, nikaona amesema kweli. Wewe ukasimama, ukavaa kofia.

Njiani nilikuuliza. Ukanambia, "Mama Salma, haya mambo ya dini huyajui."

Lakini nilikuwa nayajua. Mkopo ulipouchukua ulisema ni dharura, hatuwezi kulala nje na mtoto kwenye theluji, na Mungu anajua. Sawa. Bima ya maisha uliikataa, ukasema ni kamari. Sawa. Akiba ukaiweka mahali pasipo riba. Sawa pia, sikubishi. Ninachobisha ni kwamba riba ya kulipwa ndiyo iliyokukwama kooni. Ile ya kulipa uliimeza kila mwezi, miaka yote hiyo, bila hata maji. Na akiba yako ilikaa pale imejilalia, kwa sababu ulitaka iwe karibu. Karibu na nini? Na safari. Mwakani tunarudi Mombasa, mwakani tunainua kuta pale kwenye kiwanja cha baba yako. Salma alikuwa na meno ya utotoni ulipoanza kusema mwakani. Sasa amenipita kwa urefu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na Mombasa kwake ni picha iliyopo juu ya redio.

Pesa zile tulipoanza kuziweka zingeinua kuta na kuezeka. Bei zikapanda, mkate ukapanda, mafuta ya taa ya lile jiko letu la kupashia chumba moto yakapanda, na wewe ukawa unaziangalia pesa zako kwamba hazijapungua. Hazikupungua, ni kweli. Ila mwaka wa kufa kwako zilikuwa haziwezi tena kuezeka. Na sisi chumba cha nyuma tulikifunga kila baridi kwa sababu hatukuweza kukipasha moto. Nilikuwa nafua mashuka ya hospitali mchana kutwa, nikirudi vidole vimekufa ganzi, nakukuta umevaa makoti mawili unamenya chungwa. Unanambia, vumilia.

Umekufa kiwandani, kule upande wa Northfield, umeshika spana. Waliniletea habari wazungu wawili wa chama cha wafanyakazi, wamevua kofia, hawajui wasimame wapi. Kuhusu kukusafirisha Mombasa hakuna aliyefungua mdomo. Mdogo wako Athumani alikuja kutoka Handsworth, akasema maiti asicheleweshwe, azikwe hapa hapa. Umezikwa kwenye udongo wenye unyevu, Baba Salma, ule uliokuwa unauogopa. Nilipoambiwa nililia kwa sauti mpaka jirani yetu Singasinga akaja na sufuria ya dengu.

Haikupita muda, Athumani akaja tena, safari hii na Mwalimu Haji wa msikitini, kugawa mirathi. Mimi eda, nimekaa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo ili nisikie. Mwanasheria wa hapa alikuwa ameshanambia kwamba kwa sheria yao nachukua karibu kila kitu na shemeji hapati. Sikutaka. Sikutaka uulizwe kaburini juu ya haki ya ndugu yako. Unaona, nimekukasirikia, lakini si hivyo.

Athumani alikuwa ameshapiga hesabu. Mke thumuni, binti mmoja nusu, kilichobaki ni cha ndugu wa kiume. Alisema pesa hizo wewe mwenyewe ulitaka ziende kwenye nyumba ya Mombasa, na yeye yuko tayari kuusimamia ujenzi. Hajawahi kusimamia hata kibanda cha kuku.

Mwalimu Haji akauliza, "Marehemu alikuwa na deni?"

Nikajibu kutoka jikoni kwamba liko, ni la nyumba hii tuliyomo.

Athumani akasema deni la riba la makafiri halihesabiwi. Mwalimu ni mzee wa kunong'ona, lakini siku ile nilimsikia vizuri. Akasema, "Athumani, asili ya deni ni deni. Mtu alikopa, mtu alipwe. Mirathi baadaye." Nikajikuta nacheka, peke yangu, na mwiko mkononi. Ulikataa kuziweka pesa zako juu ya deni ukiwa hai, na kufa kwako kumeziweka. Athumani haki yake ipo, imo kwenye nusu yako ya nyumba, maana iliandikwa kwa majina yetu wawili, na Mwalimu ameiandika. Ni matofali. Akitaka kuitazama, aje, nitampikia chai.

Kisha Mwalimu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na mahari? Alikumalizia?"

Unajua jibu. Jozi ya kwanza ya bangili za dhahabu ulinipa siku ya ndoa. Ya pili ulisema utanipa ukipata. Ukapata kazi, ukapata nyumba, ukapata akiba, bangili hukupata. Athumani akadakia, "Hilo alishasamehe siku ya maziko." Kweli siku ile wanawake walinizunguka. Shangazi yako alinishika bega akanambia sema umemsamehe, sema, maiti anakungojea. Nililia tu. Wao wakaona kulia ndiko kusamehe.

Nikasema, "Sikusema nimesamehe."

Salma, mle sebuleni, aliacha kugeuza kurasa za kitabu chake. Mwalimu akasema basi ni deni, lilipwe, kwa bei ya dhahabu ya leo. Na dhahabu, Baba Salma, imepanda kuliko mkate. Pesa zako zilisinyaa ndani ya benki, lakini ile ahadi yako ilikuwa inanenepa miaka yote hii, na mimi sina habari.

Ndiyo Jumatatu nikampelekea meneja swali langu. Nilimweleza: kuna pesa za mume wangu, na kuna pesa zangu za mahari. Haiwezekani zote zikae hapa kwenu, ubavuni mwa deni? Msinipe faida yoyote, siitaki. Nyinyi mnitoze riba ya deni linalozidi pesa hizo tu, na mwanangu akiugua nije nichukue zangu. Alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomchekea mtoto aliyeuliza jambo zuri. Akasema utaratibu huo hawana. Pesa ikishaingia kwenye deni imeingia, na nikiitaka tena itabidi niombe mkopo upya, na mwanamke peke yake huwa wanataka mwanamume wa kumwekea saini. Akauliza, "Your husband's brother, perhaps?" Yaani Athumani.

Salma tulikuwa naye. "Just pay it all in, Mum," akanambia, yaani nizitie zote. Nikamtazama. Nikafikiri paa lile la nyuma linalovuja, mgongo wangu, baridi inayokuja. Nikijifungia pesa zote ndani ya kuta, riba itashuka, nami siku nikianguka nitakwenda Handsworth kumbembeleza Athumani. Wewe hukutia hata senti ya akiba kwenye deni, ukatugandisha. Mimi nikitia zote, nitaganda kwa namna nyingine.

Basi zako zimeingia kwenye deni, zote. Limepungua zaidi ya nusu. Zangu nimebaki nazo, na chumba cha nyuma tumekifungua.

Kilichobaki nitakilipa mimi, kwa mashuka, mpaka pasiwe na mtu wa kukudai duniani. Hiyo ni ahadi, na mimi ahadi yangu haingoji nipate. Ijumaa nitakuja na maji na nitakusomea. Mungu akupanulie, akuondolee huo unyevu. Kwaheri, mume wangu.

Kuhusu bangili, nataka ujue jambo moja. Ungeniomba hata mara moja, hata kwa mzaha, useme, Mama Salma, nimeshindwa, nisamehe, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Nilikuwa nalisubiri neno hilo kuliko dhahabu. Hukusema, nami ndiyo maana nimelipwa.

Mkeo,
Mama Salma